Kutoka Viti vya Juu: Fainali za Kikapu cha Wanawake wa Vyuo Vikuu, Cleveland, Aprili 2024

Alhamisi, 4 Aprili

Tumeingia Cleveland jioni, mimi na mwenzangu, baada ya kutoka Columbus mchana kwa gari, mwendo wa kilomita zipatazo 230 kwa barabara kuu ya 71, katikati ya mashamba ambako nyasi ndiyo kwanza zinaanza kuchipua baada ya majira ya baridi. Mji umejaa kwa sababu mbili zilizogongana: timu nne zilizobaki katika mashindano ya kikapu ya wanawake wa vyuo vikuu zinacheza hapa kesho na Jumapili, na Jumatatu jua litapatwa lote, jambo ambalo limewaleta watu wengine wasiojali kabisa habari za mpira. Hoteli za katikati ya mji hazishikiki kwa bei, kwa hiyo tumelala nje, karibu na kituo cha treni itakayotufikisha Tower City, ambako kuna njia ya ndani inayoelekea moja kwa moja uwanjani.

Mashindano yalianza mwezi Machi na timu 68. Zilizobaki ni South Carolina, ambayo haijafungwa msimu mzima. NC State, ambayo haijafika hatua hii tangu 1998. UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, yenye ubingwa mara 11 lakini ikiwa na wachezaji wengi majeruhi. Na Iowa ya Caitlin Clark, ambaye mwezi uliopita aliipita rekodi ya Pete Maravich, mchezaji wa kiume wa vyuo vikuu, ya pointi 3,667 iliyodumu zaidi ya nusu karne. Siwezi kusema kwamba sikuja kwa ajili ya Clark. Kila mtu amekuja kwa ajili yake, hata wanaomwombea afungwe.

Lakini nilikuwa na haja nyingine. Kwa miaka mingi nimeitazama michezo hii kwenye runinga, na kamera humfuata mwenye mpira. Mimi nililelewa na netiboli, shuleni Morogoro, nikivaa kifuani herufi za GK, yaani mlinda goli, nafasi ambayo haina ruhusa ya kufunga goli hata moja. Najua kwamba sehemu kubwa ya mchezo hufanywa na wasio na mpira mikononi, na nilitaka kuiona kazi yao kwa macho yangu, kutoka mahali ambapo wachezaji wote kumi wanaonekana kwa pamoja. Tiketi za viti vya juu kabisa ndizo tulizozimudu, na kwa haja hiyo ndizo zilizofaa.

Ijumaa, 5 Aprili

Upepo wa Ziwa Erie ni mkali, na watu walioshuka Tower City walikuwa wamevaa jezi juu ya makoti mazito. Rangi ya njano na nyeusi ya Iowa ilikuwa imetawala kila mahali, na baada yake damu ya mzee ya South Carolina. Nilisimama muda mrefu kwenye lango nikiwatazama watoto wa kiume, wa miaka saba au minane, wakiwa wamevaa jezi namba 22 ya Clark bila kuona kwamba ni jambo la kutolewa maelezo. Katika utoto wangu sikumwona mvulana hata mmoja aliyetaka kuitwa kwa jina la mchezaji wa kike.

Mchezo wa kwanza, South Carolina na NC State, ulianza saa 1 usiku. Mwenzangu amefunga, na futari iliangukia karibu na mapumziko, kwa hiyo alifuturu kwa tende na maji palepale kwenye ngazi za safu yetu, huku ubao ukionyesha 32 kwa 31. South Carolina walikuwa mbele kwa pointi moja tu, na Kamilla Cardoso, Mbrazili mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, alikuwa ameumia goti katika robo ya pili. Nilidhani tutaona maajabu.

Tuliyaona, ila si yale niliyoyatarajia. Robo ya tatu iliisha 29 kwa 6. Kwenye runinga ningesema NC State walianza kukosa kufunga. Kutoka juu niliona sababu: kila pasi yao ilikuwa inachelewa kidogo, kwa kuwa yule aliyestahili kuipokea alikuwa amesukumwa hatua moja au mbili mbali na mahali alipotaka kusimama, na mlinzi aliyemsukuma hakuugusa mpira kabisa. Ikifika zamu ya kurusha, muda umekwisha na mrushaji yuko pabaya. Mpira ukigonga chuma, Ashlyn Watkins yuko pale. Alimaliza na ribaundi 20, yaani mipira 20 iliyokosa kikapu na yeye akaidaka, akitokea benchi, huku Cardoso, aliyerudi na goti lile lile, akifunga pointi 22. Matokeo yalikuwa 78 kwa 59.

Mchezo wa pili ulianza usiku mkubwa. Jirani yangu wa kulia alikuwa mama wa Kikongo, mwenyeji wa Bukavu anayeishi Iowa City, ambako Wakongo ni wengi. Aliposikia tunazungumza Kiswahili alinishika mkono kama tuliofahamiana siku zote. "Huyu mutoto," alinieleza akimwonyesha Clark, "kule kwetu hata kanisani wanamuombea." Pamoja naye alikuwa jirani yake wa mtaani, bibi Mmarekani wa makamo ya babu na bibi zetu, ambaye alikaa kimya kabisa, mikono mapajani, akitazama.

Nika Mühl wa UConn alimganda Clark, na hadi mapumziko nyota huyo alikuwa na pointi sita tu, timu yake ikiwa nyuma 26 kwa 32. Iowa waliokolewa na Hannah Stuelke, aliyemaliza na pointi 23, nyingi akizipata karibu kabisa na kikapu kwa sababu Clark, hata bila mpira, alikuwa amewavuta mbali walinzi wawili. Hiyo ndiyo kazi ya nyota ambayo haiandikwi: kusimama mbali na kuwafanya wengine wapate nafasi.

Zikiwa zimesalia sekunde chache, Iowa 70, UConn 69, mpira wa UConn. Paige Bueckers alikuwa anakimbia kuupokea, na uwanja mzima ulisimama. Aaliyah Edwards alisogea kumkinga, akimzuia Gabbie Marshall aliyekuwa akimfuata. Filimbi ikalia: faulo ya Edwards, kwa kuwa kizuizi hakikusimama imara, zikiwa zimebaki sekunde 3.9. Mpira ukawa wa Iowa, Clark akachezewa faulo, akafunga mtupo mmoja kati ya miwili, na mchezo ukaisha 71 kwa 69.

Kelele zilizofuata zilikuwa za watu waliofurahi zikichanganyika na za watu waliohisi wamedhulumiwa. Kocha wa UConn, Geno Auriemma, alisema baadaye kwamba kosa la namna hiyo linaweza kupigiwa filimbi katika kila shambulizi, na Bueckers mwenyewe alikataa kuutupia uamuzi mmoja lawama za mchezo mzima. Msimamo wa Bueckers umenipa heshima kubwa kwake. Tumerudi hotelini tukiwa tumechoka, na usingizi haujaja.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo hakuna mchezo. Mji ulikuwa na maonyesho ya mashabiki, watoto wakirusha mipira kwenye vikapu vya kimo chao, lakini sehemu kubwa ya siku niliitumia kuzungumza na yule bibi wa Iowa, ambaye tulikubaliana kuonana karibu na Public Square, yeye na mama wa Bukavu wakinywa kahawa na sisi tukiwasindikiza kwa maneno.

Yeye alicheza kikapu akiwa sekondari, katika kijiji cha Iowa, lakini kikapu cha aina yake: wasichana sita kila upande, watatu washambuliaji na watatu walinzi, na mstari wa katikati hauvukwi. Mshambuliaji hakuruhusiwa kurudi kulinda, na mlinzi hakuruhusiwa kwenda kufunga. Mwenye mpira aliweza kuudunda mara mbili tu, kisha ilimlazimu apige pasi au arushe. Watu wazima walioweka kanuni hizo waliamini kwamba mwili wa msichana hauwezi kustahimili kukimbia uwanja mzima. Na hata hivyo Iowa iliupenda mchezo huo kwa moyo wote. Vijiji vilifungwa wiki ya mashindano ya jimbo, watu wakaenda Des Moines kuwatazama mabinti zao. Denise Long, aliyefunga pointi 111 katika mchezo mmoja mwaka 1968, alichaguliwa mwaka uliofuata na San Francisco Warriors, timu ya wanaume, ingawa kamishna wa ligi aliufuta uteuzi huo. Iowa iliachana kabisa na mchezo huo wa sita kwa sita mwaka 1993 tu.

Nilimsikiliza nikiwa na mshangao, kwa sababu alikuwa ananieleza netiboli. Netiboli yenyewe ilizaliwa Uingereza kutokana na kikapu cha wanawake cha miaka ya 1890, na kanuni zake za kuwagawia wachezaji maeneo na kuwakataza kukimbia na mpira ndizo tulizozirithi sisi shuleni, tukidhani ni za mchezo mwingine kabisa. Nilimchorea uwanja wetu kwenye karatasi, nikamwonyesha mahali ambapo GK anaruhusiwa kukanyaga. Akacheka, akasema yeye alikuwa mlinzi miaka yake yote ya shule na hakufunga pointi hata moja katika mchezo rasmi, kwa kuwa hakuwahi kuruhusiwa kufika upande ule wa uwanja. Nikamwambia mimi pia. Mama wa Bukavu alitutazama wote wawili, akasema basi ndiyo sababu jana tulikuwa tunashangilia mahali ambapo hakuna mwingine aliyeshangilia.

Nilimuuliza bibi huyo jinsi mambo yalivyobadilika. Hakutaja Clark kwanza. Alitaja sheria ya 1972, inayojulikana kama Title IX, iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, na ambayo kidogo kidogo ilivilazimisha vyuo kuwapa wanawake nafasi za ufadhili. Kisha akamtaja kocha C. Vivian Stringer. Fainali ya kwanza kabisa ya mashindano haya chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, ilichezwa mwaka 1982 huko Norfolk, Virginia, na Stringer aliifikisha pale Cheyney State, chuo kidogo cha Weusi, kikafungwa na Louisiana Tech 76 kwa 62. Mwaka uliofuata alihamia Iowa, akazijaza kumbi, na mwaka 1993 akaifikisha timu hiyo kwenye nne bora. Bibi alikuwa mmoja wa waliosimama kwenye baridi kusubiri milango ifunguliwe.

Wengi waliokuja wiki hii hawajui, naamini, kwamba Stringer alicheza fainali katika uwanja huu huu wa Cleveland mwaka 2007, akiwa na Rutgers, akafungwa na Tennessee ya kocha Pat Summitt 59 kwa 46. Wanawake wale hawakuwa na kamera za leo, na timu za leo zinakula matunda waliyoyapanda. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu siku hizi nasikia watu wakizungumza kana kwamba kikapu cha wanawake kilianza pale Clark alipoanza kurusha kutoka mbali. Mwaka 2021 tu, huko San Antonio, wachezaji wa kike wa mashindano haya walipewa chumba cha mazoezi chenye rafu moja ndogo ya vyuma wakati wanaume walipewa ukumbi mzima, na ilibidi mchezaji, Sedona Prince, airekodi aibu ile kwa simu ndipo irekebishwe. Jina la March Madness lenyewe, ambalo mashindano ya wanaume yalijulikana nalo, wanawake hawakuruhusiwa kulitumia rasmi hadi 2022.

Jumapili, 7 Aprili

Fainali ilianza saa 9 alasiri, Iowa na South Carolina. Mwaka jana timu hizi zilikutana Dallas katika nusu fainali, South Carolina wakiwa hawajafungwa, na Clark akawapiga pointi 41. Wakatoka 77 kwa 73. Katika mchezo ule Clark alimwachia Raven Johnson wa South Carolina nafasi ya kurusha na kumpungia mkono kama asemaye hana haja ya kumlinda. Picha zake zilizunguka dunia nzima, na Johnson amesema wazi jinsi zilivyomuumiza. Wachezaji wote watano walioanza ule mchezo kwa upande wa South Carolina wameondoka. Johnson amebaki, na leo alikabidhiwa kumlinda Clark.

Iowa walianza kwa pointi 10 kwa sifuri, na ukumbi wa watu zaidi ya 18,000 ukawa wa njano. Clark alifunga pointi 18 katika robo ya kwanza, nyingi kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kufunga katika robo moja ya fainali, baadhi kutoka mbali kiasi kwamba kutoka kwenye kiti changu nilidhani anapiga pasi. Iowa waliongoza 27 kwa 20. Mtu aliyezima runinga wakati ule angelala akijua bingwa ni nani.

Kocha wa South Carolina, Dawn Staley, hakuonyesha wasiwasi wowote, na niliacha kuutazama mpira ili nimtazame yeye na benchi lake. Alikuwa akibadilisha wachezaji mapema na kwa utulivu, wawili wakiingia, wawili wakitoka, na waliotoka walikaa wakiwa na pumzi za kutosha kurudi. Iowa walikuwa na wachezaji wachache wa kutegemewa, na kila mmoja wao alikimbia karibu muda wote. Tessa Johnson, msichana wa mwaka wa kwanza asiyetajwa kwenye bango lolote mjini, aliingia na kufunga tena na tena hadi akawa mfungaji bora wa timu yake, pointi 19. Benchi la South Carolina lilifunga pointi 37. La Iowa halikufunga hata moja.

Kabla ya mapumziko ulitokea wakati ambao nitaukumbuka kuliko mwingine wote. Clark alikuwa na mpira katikati ya uwanja, Raven Johnson mbele yake, amejikunja, amenyoosha mikono. Akaupokonya. Akakimbia peke yake hadi kikapuni na kufunga, na South Carolina wakaenda mapumziko wakiongoza 49 kwa 46. Sikumwona akimpungia mtu mkono. Alirudi tu kwa wenzake akikimbia.

Kipindi cha pili kilikuwa somo la ribaundi, na hapo viti vya juu vililipa gharama yake yote. Kila Iowa au South Carolina waliporusha, niliacha mpira uende na nikatazama chini ya kikapu. Cardoso hakuruka kwanza. Alitafuta mwili wa mpinzani kwa mgongo wake, akaukalia kama mama anayemzuia mtoto asikaribie moto, kisha mpira ulipogonga chuma ndipo akanyoosha mikono. Chloe Kitts na Watkins walifanya vivyo hivyo kwa upande wao, hivi kwamba mara nyingine wachezaji watatu wa Iowa walikuwa wamebanwa nje ya eneo lao wenyewe. Cardoso, aliyeondoka Montes Claros akiwa na miaka 15 kuja kusoma Tennessee bila kujua Kiingereza vizuri, alichukua ribaundi 17 na pointi 15, na akatangazwa mchezaji bora wa hatua hii. Kwa jumla South Carolina walikuwa na ribaundi 51, Iowa 29. Tofauti hiyo ndiyo ubingwa.

Iowa hawakukata tamaa. Robo ya mwisho walipunguza pengo hadi 80 kwa 75, na mama wa Bukavu alikuwa amesimama juu ya kiti, mwenzangu akimshika kiunoni asianguke. Baada ya hapo hawakupata pointi tena. Mchezo uliisha 87 kwa 75, South Carolina wakamaliza msimu kwa ushindi 38 bila kufungwa, na Staley, ambaye huu ni ubingwa wake wa tatu baada ya 2017 na 2022, alilia mbele ya watu wote. Alipopewa kipaza sauti alimshukuru Clark kwa kuubeba mchezo huu mabegani mwake. Mashabiki wa njano waliosikia hayo walipiga makofi, nami nilipiga nao, kwa sababu Clark alifunga pointi 30 huku akilindwa na mtu mwenye miguu mipya kila baada ya dakika chache, na hakuinamisha kichwa.

Bibi wa Iowa alikaa hadi mabingwa walipokata wavu, kama ilivyo desturi. Tulipoagana aliniambia kwamba amesikitika kwa ajili ya watoto wake, lakini kwamba walinzi wameshinda.

Jumatatu, 8 Aprili

Tumebaki hadi jua lipatwe, kwa kuwa barabara zilikuwa zimeshaanza kujaa. Ilikuwa baada ya saa 9 alasiri, giza likakaa karibu dakika nne, na mwenzangu akaswali swala ya kupatwa kwa jua pamoja na Waislamu wengine waliokuwapo kwenye bustani. Kisha tukaingia barabara ya 71 pamoja na kila mtu wa Ohio, magari yakitambaa. Tulipita saa kadhaa tukibishana juu ya kizuizi cha Aaliyah Edwards. Mwenzangu anasema mwamuzi hapaswi kuamua mchezo sekunde za mwisho. Mimi nasema asipopiga filimbi pia ameamua.

Jumanne, 9 Aprili

Habari za leo zinasema fainali ya Jumapili ilitazamwa Marekani na watu karibu milioni 19, na kwamba fainali ya wanaume iliyochezwa jana haikufikia idadi hiyo. Haijawahi kutokea kabla. Magazeti yote yameweka picha ya Clark juu ya takwimu hizo, na ni haki yake, maana bila yeye wengi wasingewasha runinga.

Usiku nimeurudia mchezo wa Ijumaa kwenye marudio ya runinga. Katika sekunde zile za mwisho kamera inamfuata Bueckers akikimbia, na faulo inasikika kabla haijaonekana. Hadi waliporudisha picha polepole ndipo Edwards anaonekana, bega lake likisogea kumfuata Marshall wakati miguu bado haijatulia. Kwa jicho langu ilikuwa faulo, na nimemwandikia mwenzangu kumwambia hivyo. Pia nimemwambia atazame mchezo wa Jumapili tena na ahesabu ni mara ngapi Cardoso anageuka kutafuta mtu wa kumweka mgongoni kabla ya kuutazama mpira. Amejibu kwamba tiketi za mwakani ni Tampa, na kwamba tukae juu tena.